Joey Dunlop: Mfalme wa lami aliyechagua tairi kama straika anavyochagua njumu

JUMAPILI ya Julai 2, 2000 mashabiki wa soka walikuwa na jambo moja tu kichwani: fainali ya Euro pale Rotterdam, Ufaransa dhidi ya Italia. Italia walitangulia kwa bao la Marco Delvecchio na wakalilinda mpaka dakika za majeruhi. Sylvain Wiltord akasawazisha watu wakiwa wameshaanza kushangilia, kisha David Trezeguet akawamaliza kwa bao la dhahabu. Sisi wadogo tumesimuliwa na kaka zetu mpaka tunaona kama tulikuwepo.

Siku hiyohiyo, saa chache kabla ya fainali, mvua ilikuwa inanyesha Tallinn, Estonia. Mzee wa miaka 48 alikuwa anaongoza mbio za pikipiki ndogo za CC 125 kwenye barabara inayopita katikati ya miti. Pikipiki ikateleza, akagonga miti, akafa palepale.

Aliitwa Joey Dunlop. Nyumbani kwao Ballymoney, Ireland ya Kaskazini, sidhani kama usiku ule kuna aliyejali nani amebeba kombe Rotterdam.

Najua utauliza, mwandishi wa soka anafuata nini kwenye pikipiki? Nitakujibu. Msimu uliopita nilipanda bodaboda kuwahi mechi Uwanja wa Mkapa. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu, hata koti sikuvaa. Kwenye kona moja tairi la nyuma likaondoka kama sabuni bafuni, tukalala chini wote wawili. Tulishukuru Mungu hakukuwa na gari nyuma. Nilipoinuka nikaliangalia tairi: kipara, linang'aa. Dereva akaniambia bado lina mwezi mmoja mbele.

Usiku ule nikaanza kusoma habari za watu wanaoishi kwa kutegemea tairi mbili tu. Kila nilikopita, jina la Joey Dunlop lilikuwa mbele yangu.

Njumu za lami

Kabla ya kumfuata Joey, turudi kidogo uwanjani. Kila anayecheza mpira anajua kuna siku ya njumu fupi na siku ya njumu ndefu. Uwanja mkavu na mgumu, ukivaa njumu ndefu utatembea kama bata. Uwanja umejaa maji, ukivaa fupi kila ukigeuka unakaa chini.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 mjini Bern inasimuliwa mpaka leo kwa sababu hiyo. Hungary ya Puskás ilikuwa imeipiga Ujerumani Magharibi 8-3 kwenye hatua ya makundi. Fainali ikaja na mvua. Wajerumani walikuwa na viatu vya Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, ambavyo njumu zake zilikuwa zinafunguliwa na kubadilishwa kwa skrubu. Wakafunga ndefu. Walikuwa nyuma 2-0, wakashinda 3-2. Siyo njumu peke yake iliyoshinda mechi ile, lakini hakuna anayeisimulia bila kuzitaja.

Sasa chukua uamuzi ule wa Bern, uweke kwenye pikipiki inayokimbia kilomita 250 kwa saa barabarani, kati ya kuta za mawe na nguzo za simu. Mchezaji akikosea njumu anateleza, watu wanacheka, anainuka na kubadilisha viatu mapumziko. Joey hakuwa na mapumziko.

Mtoto wa Ballymoney

Joey alizaliwa Februari 25, 1952 karibu na mji mdogo wa Ballymoney, kwenye familia kubwa isiyokuwa na pesa nyingi. Jina lake la ukoo linachanganya watu. Wapo wanaodhani ni ndugu wa John Boyd Dunlop, yule daktari wa mifugo aliyetengeneza tairi la upepo mjini Belfast kwenye miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hakuna undugu. Ni majina yamegongana tu, ingawa ni kama Mungu alikuwa anatania: mtu wa Dunlop anayeishi kwa tairi, si mbali sana na mji ule tairi la upepo lilikozaliwa.

Alianza mbio mwaka 1969 kwenye pikipiki ya Triumph Tiger Cub, kichombo kidogo ambacho leo bodaboda mmoja wa Kariakoo angekicheka. Hakuwa na kocha wala akademi. Alikuwa na spana, gari la kubebea pikipiki na marafiki. Alikuwa mkimya, mwenye aibu, anayevuta sigara nyingi na kuzungumza kwa lafudhi ambayo hata Waingereza walikuwa wanaomba arudie. Alivaa kofia ngumu ya njano, na ndiyo ilikuwa bendera yake. Shabiki akiona njano inatokea kwenye kona, anajua Joey huyo.

Katika kundi lake walikuwemo shemeji yake Mervyn Robinson, mdogo wake Jim na Frank Kennedy. Walikuwa wanazurura pamoja kila wikiendi, barabara hii leo, ile kesho. Ireland wana utamaduni wa kufunga barabara za kawaida za kijijini na kuzifanya uwanja wa mbio. Lami ileile ambayo asubuhi imepitiwa na trekta na ng'ombe, mchana inapitiwa na pikipiki za mashindano.

Hapo ndipo Joey alipojifunza lami. Lami ya barabara siyo kama ya uwanja wa mbio. Ina viraka, ina mashimo yaliyofukiwa, ina mistari ya rangi nyeupe inayoteleza kama kigae ikilowa, ina sehemu za chini ya miti ambazo hazikauki mpaka mchana. Mtu aliyekulia kwenye lami ile alijifunza kuisoma kama kipa anavyosoma macho ya mpiga penalti.

Mzunguko wa kilomita 60

Ukitaka kumwelewa Joey ni lazima uelewe Kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Huko kuna mbio zinazoitwa TT, zilizoanza mwaka 1907, na tangu 1911 zinapita kwenye njia iitwayo Mountain. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7. Una kona zaidi ya 200. Unapita katikati ya vijiji, mbele ya milango ya watu, mbele ya baa, unapanda mlima mpaka zaidi ya mita 400 juu ya bahari, kisha unashuka kurudi mjini Douglas. Waendeshaji zaidi ya 250 wamekufa kwenye njia ile tangu ianze kutumika.

Waendeshaji hawaondoki kwa pamoja. Wanaachiwa kwa kupishana sekunde, kila mmoja anashindana na saa. Mbio kubwa zilikuwa za mizunguko sita, karibu kilomita 364, mwendo wa Dar es Salaam kwenda mbali kupita Morogoro, kwa kasi ambayo hata ndege ndogo inaanza kupaa.

Sasa hapa ndipo tairi linapoingia. Kwenye kisiwa kile jua linaweza kuwa linawaka Douglas, manyunyu yanadondoka Ramsey, na ukungu umekaa mlimani. Yote kwa mzunguko mmoja. Utavaa njumu gani? Tairi la mvua kwenye lami kavu linapata joto kupita kiasi na kuchanika vipande. Tairi la kiangazi kwenye maji halishiki kitu. Kati ya hayo mawili kuna la kati, ambalo siyo zuri kabisa popote lakini halikuachi popote. Mwendeshaji anachagua asubuhi akiangalia mawingu, na baada ya hapo ni yeye na uamuzi wake.

Joey alienda TT mara ya kwanza mwaka 1976. Mwaka uliofuata akashinda mbio za Jubilee. Alikuwa na miaka 25, na wengi walidhani ni bahati ya mgeni.

Mwaka wa machozi

Wakati dunia inaanza kumjua, marafiki walianza kuondoka. Mwaka 1979 Frank Kennedy aliumia vibaya kwenye mbio za North West 200 na baadaye akafariki. Mei 1980, kwenye mbio hizohizo, Mervyn Robinson naye akafa. Ndani ya mwaka mmoja kundi lilikuwa limekatwa nusu.

Joey alifikiria kuacha. Kisha, wiki chache tu baada ya kumzika shemeji yake, akaonekana kwenye Kisiwa cha Man na pikipiki ya Yamaha ya CC 750, ya wafadhili wake wa nyumbani, dhidi ya timu za kiwanda zenye pesa. Kwenye mbio za Classic mkanda uliokuwa unashikilia tanki kubwa la mafuta ukakatika. Tanki likawa linacheza. Mtu mwingine angesimama. Joey akalibana kwa magoti, akaendelea, akaweka rekodi ya mzunguko na kushinda.

Fikiria hilo jambo kwa upande wa tairi. Tanki la mafuta likihama, uzito wa pikipiki unahama. Uzito ukihama, mshiko wa tairi la mbele unabadilika katikati ya kona. Yule jamaa alikuwa anahesabu yote hayo kwa makalio na viganja, bila kompyuta.

Honda walikuwa wanatazama. Mwaka 1981 wakamchukua.

Kiganja kimoja tu

Hapa nisimame niseme kitu ambacho mafundi walinielewesha, kwa sababu bila hicho huwezi kuona ukubwa wa Joey.

Tairi la pikipiki ni la duara hata ukiliangalia kwa mbele. Kwa hiyo sehemu inayogusa barabara ni ndogo mno, kama kiganja chako. Viganja viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Breki zote, kona zote, moto wote wa injini unapita kwenye viganja hivyo viwili. Vikiachia, huna kitu kingine.

Mpira wa tairi ukiwa laini, unajibana kwenye vishimo vidogo vya lami na kushika sana, lakini unaisha haraka. Ukiwa mgumu, unadumu, lakini haushiki sana. Hakuna tairi linalokupa vyote kwa asilimia mia. Ni kama kiungo: ukitaka anayekimbia dakika zote 90, huenda huyo siye mwenye pasi ya kufungua ngome. Ndiyo maana matairi mengi ya pikipiki za mwendo kasi za barabarani yametengenezwa kwa mpira wa aina mbili. Katikati ni mgumu kidogo kwa sababu ndipo unapokanyaga ukienda moja kwa moja, na pembeni ni laini kwa sababu ndipo unapolalia kwenye kona.

Halafu kuna joto. Tairi la mbio kali halina mchoro hata mmoja, ni kipara kabisa. Bodaboda yangu ya siku ile angefurahi kusikia hivyo! Lakini usidanganyike. Kipara cha mbio kimetengenezwa kwa mpira laini sana, kipya, ambacho kikipata joto kinanata kama gundi. Kabla ya mbio kinafungwa blanketi la umeme ili kiwe cha moto. Kikipoa hakishiki. Ukikifunga kwenye pikipiki ya kwenda kazini, kwenye foleni na taa za barabarani, hakitapata joto lake hata siku moja. Na mvua ikinyesha, hakina mifereji ya kutolea maji, kwa hiyo gurudumu linaelea juu ya maji kama ngalawa.

Kipara cha mtaani ni kitu kingine kabisa. Kile ni tairi lililokuwa na mifereji, likaisha. Mpira umekuwa mgumu kwa jua na miaka, umebaki mwembamba, maji hayana pa kutokea. Hakina sifa ya tairi la mbio wala ya tairi la barabara. Tunaviita jina moja, lakini havina undugu, kama Joey na yule daktari wa Belfast.

Miaka ya utawala

Akiwa na Honda, Joey alikuwa noma. Alichukua ubingwa wa dunia wa TT Formula One mara tano mfululizo, 1982 hadi 1986. Kwenye Kisiwa cha Man alishinda Formula One kila mwaka kuanzia 1983 mpaka 1988, mara sita bila kuachia. Ni kama timu moja ibebe ubingwa wa ligi misimu sita mfululizo huku wapinzani wanabadilisha makocha tu.

Mwaka 1985 nusura kusiwe na Joey kabisa. Alikuwa anasafiri kwenda kisiwani kwa boti ya wavuvi, yeye na wenzake, boti ikazama usiku wakitoka Strangford Lough. Waliokolewa wote. Siku chache baadaye mtu yuleyule aliyetolewa majini akashinda mbio tatu ndani ya wiki moja. Mwaka 1988 akarudia, tatu tena.

Lakini pamoja na kupewa pikipiki za kiwanda, kwenye zile ndogo za CC 125 na 250 alipenda kufanya mwenyewe. Unamkuta usiku amechuchumaa kwenye banda, mikono ina grisi, anabadilisha meno ya gia, anaangalia tairi kwa vidole. Hakuwa staa wa kukaa hotelini akisubiri aitwe. Ukitaka kujua tairi lako linasema nini, lazima uliguse. Tairi lililotoka kwenye mbio lina habari zake: likiwa limechanika upande mmoja, upepo haukuwa sawa au mpira ulikuwa laini mno kwa siku ile. Likiwa linang'aa, halikufikia joto.

Na upepo siyo jambo dogo. Upepo ukizidi, kile kiganja kinakuwa kidogo zaidi na pikipiki inarukaruka. Ukipungua, tairi linalegea, linapata joto vibaya na usukani unakuwa mzito. Tena unapimwa tairi likiwa la baridi, kabla hujatembea, kwa sababu likipata joto namba inapanda yenyewe.

Kuvunjika na kurudi

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, kwenye uwanja wa Brands Hatch, Uingereza, Joey aligongana na mwenzake na kuvunjika mguu na mkono. Mwaka ule hakucheza TT. Alikuwa na miaka 37. Wachambuzi wakasema kaisha, kama wanavyosema kwa kila straika anayefika miaka 33.

Alirudi akichechemea. Misimu ikapita bila ushindi wa TT. Mwaka 1992 akashinda kwenye CC 125 na kufikisha ushindi wa 14, akilingana na rekodi ya Mike Hailwood, Mwingereza ambaye wengi walidhani hatafikiwa. Mwaka 1993 akaongeza wa 15. Rekodi ikawa yake peke yake.

Halafu ikaja 1998. Wiki chache kabla ya TT alianguka kwenye mbio za Tandragee. Nyonga ilipata ufa, mfupa wa bega ukavunjika, na akapoteza sehemu ya kidole cha pete. Akaenda kisiwani hivyohivyo. Siku ya mbio za CC 250 mvua ilikuwa inamwagika. Waandaaji wakapunguza mizunguko. Wapinzani wengi wakasimama kuongeza mafuta baada ya mzunguko wa kwanza. Joey akawapita, hakusimama. Alikuwa ameangalia mawingu na kuamini kuwa mbio zile hazitafika mwisho uliopangwa. Kweli, zikakatishwa baada ya mizunguko miwili, naye akiwa mbele. Ushindi wa 23, akiwa na mkono mmoja na nusu.

Wengine wanaita bahati. Mimi naona ni kama kocha anayebadilisha beki dakika ya 60 wakati hakuna aliyeona hatari. Miaka zaidi ya 20 ya kutazama mbingu ile na lami ile ilikuwa imekaa kichwani mwake.

Wiki ya mwisho kisiwani

Juni 2000 Joey alikuwa na miaka 48, babu kwenye mchezo wa vijana. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu ashinde Formula One. Kulikuwa na kijana Mwingereza, David Jefferies, ambaye alikuwa wa moto kweli. Honda wakamletea Joey pikipiki kali ya CC 1000.

Barabara siku ile ilikuwa na sehemu kavu na sehemu zenye unyevunyevu. Ile hali ambayo hakuna tairi sahihi, kuna mwendeshaji sahihi tu. Wawili hao wakakimbizana mpaka pikipiki ya Jefferies ikaharibika. Joey akashinda. Kisha akashinda CC 250. Kisha akashinda CC 125. Tatu kwa wiki moja, kwa mara ya tatu maishani mwake, na jumla ikawa 26.

Kwenye Senior, mbio za kufungia wiki, alimaliza wa tatu. Lakini humo ndimo alimoweka mzunguko wa kasi kuliko yote aliyowahi kukimbia pale: wastani wa karibu kilomita 200 kwa saa. Akiwa na miaka 48. Kuna watu wanastaafu mapema kwa sababu ya goti, yeye alikuwa anazidi kuongeza kasi.

Tallinn

Mwezi haukuisha vizuri akafunga vitu vyake kwenye gari na kuondoka kwenda Estonia. Hakuwa na haja ya pesa ile wala kombe lile. Alikuwa anapenda kukimbia, basi. Wikiendi hiyo alikuwa ameshashinda mbio mbili kwenye pikipiki kubwa. Ikabaki moja, ya CC 125, na mvua ikaja.

Pikipiki ya CC 125 ni nyepesi, tairi zake ni nyembamba. Kile kiganja nilichokisema hapo juu, kwenye mashine ile ni kama vidole viwili. Kwenye mvua tairi jembamba linapoa haraka, na likipoa linaachia bila kukupa taarifa. Alikuwa anaongoza. Kwenye barabara ya Pirita-Kose-Kloostrimetsa, kati ya miti, mshiko ukaisha.

Nimeifikiria sana hiyo sehemu. Mtu aliyeijua mvua kuliko yeyote, aliyeshinda kwenye mvua akiwa amevunjika, ndiye mvua iliyomchukua. Hii siyo hadithi ya mtu aliyefanya uzembe. Ndiyo maana inatisha. Ukijua kila kitu kuhusu tairi, bado unakuwa umepunguza hatari tu, hujaiondoa. Sasa mtu asiyejua chochote, aliyepakia abiria wawili kwenye kipara, yeye yuko wapi?

Watu 50,000

Mazishi yalifanyika Julai 7, 2000. Watu wanaokadiriwa kufika 50,000 walimiminika kwenye kijikanisa cha Garryduff nje ya Ballymoney, wengi wakiwa wamekuja na pikipiki zao. Kumbuka Ireland ya Kaskazini ilikuwa inatoka kwenye miaka 30 ya Wakatoliki na Waprotestanti kuuana. Hata jezi ya mpira kule ilikuwa inaonyesha wewe ni wa upande gani. Joey alikuwa wa wote. Walisimama pamoja barabarani.

Na siyo kwa sababu ya makombe peke yake. Miaka ya tisini Joey alikuwa anapakia chakula na nguo kwenye gari, anaendesha mwenyewe mpaka Romania, Bosnia na Albania kupeleka kwa watoto yatima. Hakuwa anaita kamera. Malkia wa Uingereza alimpa nishani mbili: ya kwanza mwaka 1986 kwa mbio, ya pili mwaka 1996 kwa ajili ya wale watoto.

Kabla hujapanda

Ukimpenda Joey hulazimiki kununua pikipiki ya mashindano. Angalia tu tairi lako kama alivyokuwa anaangalia lake. Pembeni kuna namba nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likikaa dukani miaka mingi linakuwa gumu hata kama linang'aa kwa upya. Angalia mifereji, siyo katikati tu, na pembeni pia. Ukifunga jipya, nenda taratibu kilomita za mwanzo, maana ngozi yake ya juu bado inateleza. Usiweke la mbele la aina hii na la nyuma la aina ile ilimradi magurudumu yamezunguka. La mbele ndilo linalobeba breki na usukani, usiliachie mabaki.

Na mvua ikianza, dakika zile za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu oili na vumbi vinapanda juu ya lami kabla havijaoshwa. Ndiyo hizo nilizoangukia mimi nikiwahi mechi. Yule dereva sikumlaumu. Nilimlipa, nikatembea mpaka uwanjani suruali ikiwa imechanika, nikaandika ripoti yangu.

Kule kwenye mlima wa Kisiwa cha Man, mahali panapoitwa Bungalow, kuna sanamu ya Joey akiwa ameketi kwenye Honda yake, anaangalia barabara. Rekodi yake ya ushindi 26 ilidumu miaka 24. Mwaka 2024 ilivunjwa na mtoto wa mdogo wake Robert, kijana anayeitwa Michael Dunlop. Robert naye alikufa kwenye mbio, mwaka 2008, mazoezini North West 200. Michael anapita chini ya sanamu ya baba yake mkubwa kila mzunguko, na kila mwendeshaji pale bado anapaswa kuangalia mlima una mawingu gani kabla ya kuchagua tairi.